Daftari la Theluji na Chumvi

Mie sikuimba. Sauti yangu, alisema Lali Famau,
ingefukuza hata wadai.
Basi nikapewa daftari na kalamu ya wino,
nikawa mweka hazina wa bendi isiyo na hazina.

Ukurasa wa kwanza, Januari sabini na nne:
nyuzi za gitaa, shilingi kumi na mbili.
Ngozi ya mbuzi kwa ngoma ya Karisa, shilingi nane,
nusu kwa mkopo.
Magrethi, mwalimu wa hesabu kutoka Kanada,
alikuja na banjo lake, na jina:
kwao theluji, kwetu chumvi.
Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyekuwa na jingine.

Walifanya mazoezi Barani, nyuma ya kinu cha posho,
wakingoja mashine inyamaze
kati ya debe moja la mahindi na jingine.
Ndiyo maana nyimbo zao zote zilikuwa fupi.

Harusi tatu. Dansi mbili za hoteli,
ambako wageni walimwomba Magrethi nyimbo za kwao
naye akawapa mto unaoganda, kwa Kiswahili,
Karisa akimjibu kwa Kigiriama
kama waliozaliwa ua mmoja.
Nikaandika: mia na arobaini. Soda, sita.
Daftari halikuwa na safu ya kuandikia ule ukimya.

Agosti wakaenda Mombasa kurekodi.
Sahani za santuri zikarudi mia tatu, kwenye katoni,
lebo imepigwa chapa: THELUJI NA CHUMBA.
Tulicheka mpaka Lali akatokwa na machozi,
kisha tukaona kwamba yeye hacheki.
Ziliuzwa arobaini na moja.

Mwisho wa Novemba, barua: babake Magrethi kaanguka.
Alisema atarudi mwezi wa tatu.
Lali akapata udereva Maskati.
Karisa akashona suruali, na alishona vizuri.
Hawakugombana. Watu huniuliza, wakitaka ugomvi.

Sahani moja mamangu aliifunikia mtungi.
Sisimizi wakapita tunduni,
akaliziba kwa nta ya mshumaa.
Juzi mjukuu kaleta mashine ya kuchezea.
Nikatoboa nta kwa msumari, nikakosea kidogo,
sasa wimbo unayumba
kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa mno.
Lakini ni wao. Na kwa mbali, mwishoni,
kuna mtu anakohoa.
Ni mie.

Ukurasa wa mwisho: Lali, nyuzi mbili, shilingi sita, atalipa.
Sijapiga mstari.