Yai la Sita

Jumamosi tuliyoipanga tangu Pasaka
ilianza kwa Ipyana kutafuta ufunguo wa gari
uliokuwa mfukoni mwake.
Hakuna aliyemlaumu isipokuwa mama yake,
aliyekaa kiti cha mbele tangu saa mbili,
mkoba mapajani, macho barabarani,
kana kwamba gari limekwishaondoka.

Tulikuwa tunakwenda Daraja la Mungu.
Si mbali na hapa Tukuyu.
Mimi, mwalimu wa jiografia mwaka wa kumi na moja,
nimewachorea ubaoni watoto wa watu,
wangu sijawahi kuwapeleka.

Kikapuni: ndizi za kuchemsha zilizolala,
maparachichi matatu, chumvi kwenye kikaratasi,
mayai sita kwa watu watano
(la sita hatuliulizi),
na chupa ya chai ambayo Tumpe
aliipakata kama mtoto mchanga.

Mashamba ya chai yakapita, yamechanwa
kama kichwa cha siku ya kwanza ya shule.
Mlima Rungwe ukavuta blanketi hadi utosini.
“Itanyesha,” akasema bibi.
“Hainyeshi,” akasema Ipyana.
Kwetu, anayesema hainyeshi
si mtabiri, ni mwombaji.

Ikanyesha.

Ilimwagwa kwa karai. Waipa ya kushoto
ilikufa tangu mwaka jana, basi bibi
akawa anafuta kioo kwa ndani, kwa kitenge,
na kuna wakati niliamini anasaidia.

Tukafika. Yaani, Ipyana alisema tumefika.
Mto Kiwira tuliusikia ukinguruma chini,
na daraja lilikuwa hapo mbele, hatua hamsini,
ndani ya weupe.
“Tungoje,” tukasema. Tukangoja.
Kisha tukafungua kikapu.

Yai hupasuliwa vizuri sana kwenye dashibodi.
Vioo vikajaa pumzi zetu na mvuke wa chai,
na Lusekelo, miaka tisa, kwa kidole,
akachora daraja kwenye dirisha lake:
upinde mmoja, mto chini, watu watano juu.
Akafikiri kidogo, akaongeza wengine.

Simu ikalia. Wifi Atuganile, kutoka Leeds.
Picha ikaja kwa kukatakata: naye yumo garini,
naye kioo chake kinatiririka,
na wanawe nyuma, makoti hadi kidevuni,
wanatafuna mkate mbele ya ziwa lenye bata
ambalo nao hawalioni.
“Ndiyo matembezi ya huku,” akacheka.
“Tunakwenda, tunaitazama mvua, tunarudi.”

Bibi akainyakua simu, akaibana sikioni,
kwa hiyo Leeds yote ikatazama sikio lake.
“Mnakula nini?”
“Mkate, mama.”
“Na nini?”
Mvua ya huku ikajibu, au ya kule,
sikuweza kuzitenganisha.

Ndipo akaishusha, akamtazama mwanawe,
miaka minane, uso mdogo kama stempu,
akamenya ndizi polepole,
akaisogeza mbele ya kioo cha simu.
Hapo hapo mtandao ukaganda.
Atuganile akabaki vile vile, mdomo wazi kidogo,
kama anayengoja kijiko.
Na bibi hakuurudisha mkono.
Ipyana akajifanya anatafuta ufunguo.

Tulirudi bila kuliona daraja.
Jua lilitupokea mlangoni kwetu, halina aibu.
Yai la sita likashuka na mkoba,
likaingia chumbani kwa mwenye mkoba.

Jumatatu, alfajiri ya baridi,
nawapeleka watoto shule, madirisha yamefungwa.
Tumpe anaimba jedwali la mbili, anakosea kwenye nane.
Kioo cha nyuma kinaanza kuwa cheupe,
na lile daraja, ambalo hakuna aliyelifuta,
linarudi: upinde, mto,
na wale watu juu yake.
Nikawahesabu kwenye taa za barabarani.
Tisa.