Kwanza Weupe

Kamera haina akili, Leander aliniambia,
ina mazoea tu.
Ionyeshe theluji, itataka iwe kijivu.
Ionyeshe makaa, itataka yawe kijivu.
Leander alichomelea meli miaka thelathini na mmoja;
mwanga unaounguza jicho anaujua kwa tabia zake zote.

Tulilala kifudifudi juu ya mwamba, Newfoundland, mwezi wa sita,
kipande cha barafu kikubwa kama kanisa
kimekwama nje ya ghuba, kinayeyuka bila haraka.
Ng'ambo ya ufa, hatua kumi hivi,
ndege wamebanana ukingoni:
mgongo mweusi, kifua cheupe, mdomo kama wembe.
Huku kwetu tunamwita tinka.

Picha zangu za kwanza zilikuwa aibu.
Mgongo ulitoka, hata ukahawia wake ukaonekana,
ila kifua kilikuwa tundu.
Weusi ulijaa fremu, kamera ikaona kiza,
ikamhurumia ndege,
ikamfungulia mlango wote wa jua.

"Pima kifua," akasema. "Kwanza weupe.
Punguza theluthi. Tazama. Punguza tena.
Weusi usiuogope. Kilichozama gizani kipo,
utakivuta baadaye,
kama unavyovuta mtego wa kamba kwa kamba.
Kilichoungua, basi."

Nilinyamaza. Nilikuwa nalijua hilo
tangu kabla sijashika kamera.

Ipo picha ya harusi ya wazazi wangu,
ngazi za kanisa, saa sita mchana,
imepigwa na mwalimu wa shule aliyeazima kamera.
Mama ni shuka nyeupe yenye uso.
Gauni lile dada yake Assumpta alilidarizi majira yote ya baridi,
akaharibu macho kwa taa ya mafuta.
Mama alizoea kuniwekea kidole juu ya kioo:
hapa palikuwa na majani,
hapa vifundo vidogo, hesabu, ishirini na viwili.
Nami nilihesabu,
juu ya weupe mtupu, nilihesabu.

Baba, kando yake, ni gogo jeusi.

Mwaka jana niliiingiza picha kwenye kompyuta,
nikaanza kuinua vivuli, kidogo, kidogo.
Kutoka ndani ya suti ukatoka mkono.
Kidole gumba kimefungwa kitambaa.
Kifungo kimoja kinaning'inia kwa uzi.
"Aa," Mama akasema, akisogeza miwani,
"alijikata usiku ule akifungua kopo la maziwa."
Miaka sitini na mitano
kidole kile kilikaa gizani, salama.
Gauni nililisihi hadi usiku wa manane.
Halikunijibu.

Alhamisi jua lilikuwa kali, tukanywa chai tu.
Ijumaa ukungu ukapanda kutoka baharini,
ukafunika barafu, ukafunika mnara,
ukabakisha mwanga laini usio na upande.
"Sasa," akasema Leander, na kwa mara ya kwanza akanong'ona.

Kwenye grafu, kilima kilijongea ukingo wa kulia
kikasimama kabla ya kuanguka.
Nikaona mstari, mwembamba kuliko uzi,
unaotoka mdomoni hadi jichoni,
na jicho lenyewe, ambalo siku zote humezwa,
lina nukta ya mwanga, linanitazama.
Na kifuani, unyoya juu ya unyoya,
kila mmoja na kivuli chake chembamba,
kama mshono wa mtu mwenye subira.

Picha mia tatu na arobaini. Nilibakisha moja.

Nilimpelekea Mama, nikaiegemeza kwenye sukari.
Baba aliwawinda hawa wakati wa baridi, mashuani,
akirudi na sita, saba, wamefungwa miguu kwa uzi.
Mama akaweka kidole pale kifuani,
akakipitisha taratibu, midomo ikicheza,
sijui alikuwa anahesabu.
"Huyu," akasema mwishowe, "baba yako angempiga."
"Nimempiga, Mama," nikasema.
Akanitazama. Akaomba kisu, akate mkate.