Hodi Haijibiwi

Alasiri ya Kicheba, jua likiwa bado na nguvu,
baba alitandika gunia la katani uani,
mbali na jiko, mbali na kiko cha jirani yetu Mntambo,
akaweka juu yake mizani ya sonara
aliyoiazima Muheza kwa debe la machungwa.

Upande huu jiwe dogo la shaba,
upande huu baruti nyeusi, ya chengachenga.
Anaongeza punje. Anapunguza punje.
Sindano inatikisa kichwa kama mdaiwa.
Mchana mzima, vikaratasi sita,
na nguruwe wanamaliza tuta la muhogo kwa usiku mmoja,
wao hawana mizani.

Mama alikuwa akichambua maharage.
Alisema bila kuinua macho:
"Mie napima gunia zima kabla ya adhuhuri.
Wewe wapima kijiko mpaka magharibi."

Kesho yake baba akakata ganda la risasi kuukuu,
akalisugua mdomo kwa tupa,
akalipima, akalipunguza, akalipima tena
mpaka likapatana na jiwe.
Mpini, waya wa baiskeli.
Chota. Pitisha kadi ya kliniki mdomoni. Mimina.
Kadi ilikuwa yangu, yenye chanjo zote.

Lakini mizani ilipoulizwa ilikataa:
hiki kizito, hiki chepesi,
na mkono ni uleule.

"Unagonga," mama alisema.
"Mara unagonga, mara hugongi.
Kopo likigongwa, maharage hujipanga, mengine yakaingia.
Lisipogongwa, nauza na hewa.
Mteja nimtakaye arudi, namgongea.
Wewe mteja wako nani? Shika moja."

Akaacha kugonga.
Kila cha kumi alikirudisha kwenye mizani
kama mwalimu anayeshtukiza daftari moja darasani.
Vikaratasi arobaini
kabla kivuli cha mchungwa hakijagusa gunia.

Wanasema haba na haba hujaza kibaba.
Ami Sekiboko alijaza,
akaitwa, akaitika,
akasahau kwamba amejaza, akajaza tena.
Haba na haba ikapasua mtutu.
Tangu siku hiyo, mikono yote miwili,
ami anahesabu mpaka nane.

Ndiyo maana kwetu hodi haikujibiwa.
Mgeni atabisha, hodi, hodi wenyewe,
baba midomo inacheza, ishirini na tatu, ishirini na nne,
na hesabu ikimpotea
anavifungua vyote, anarudisha kibuyuni,
anaanza moja.
Kijiji kizima kilijua kwamba Semhando ana kiburi.

Gobore alilisalimisha mwaka ule wa tangazo.
Polisi wakampa karatasi yenye mhuri.
Nguruwe hawakupewa karatasi.

Kipimo kilibaki.
Baada ya arobaini yake mama alikichemsha na majivu,
akakisugua kwa ndimu siku tatu,
akakitia kwenye chupa ya iliki.

Juzi nilifika bila taarifa.
Nikabisha. Kimya.
Nikabisha tena, nikachungulia:
mama kakaa mkekani, vipakiti vya kuuza vimempanga pembeni,
anachota, kidole gumba kinapita mdomoni, anamimina,
hagongi,
midomo inacheza.

Nikaweka mkoba chini.
Nikakaa barazani.