Yungiyungi na Alizeti

Nimeyalaza mawili juu ya daftari la chumvi,
lile la zamani, la hesabu za magunia,
ambalo baba alirudi nalo Uvinza siku alipopunguzwa kazi.
La kushoto limetoka kwenye vinamasi vya Malagarasi, bado linachuruzika.
La kulia limetoka shambani kwa Butoyi, limejaa sisimizi.

Wembe ni mmoja. Nimeanza na yungiyungi.
Kikonyo chake kina mirija mitupu ndani,
kama mtu aliyejificha majini akipumua kwa utete.
Petali zake hazijui mpaka:
hii imenyooka, ya pili imesinyaa,
ya tatu tayari ina unga wa chavua kichwani.
Nimeandika: nyingi. Nikafuta.

Alizeti ni jambo jingine.
Tunaiita ua, kumbe ni kijiji.
Kila kidoa cha katikati ni ua kamili,
dume na jike nyumba moja.
Nimehesabu mia nne na kumi na mbili, mwanga ukaniishia.
Na zile za pembeni, zenye manjano ya kuita watu,
hazizai kitu.
Wapiga debe.

Yungiyungi hufunga duka alasiri, wateja wapo au hawapo.
Alizeti ikikomaa haimfuati tena jua;
hukaza shingo mashariki
kama abiria aliyekwisha kata tiketi ya Tabora.

Bukuru akapita na nyavu begani, akachungulia.
"Hayo ni ndugu?"
"Wa mbali."
"Mbali wapi?"
Nikamwambia: kabla Malagarasi haujajua njia ya ziwa.
Kabla ya ziwa lenyewe.
Akacheka. "Basi ni watani. Watazikana."

Kisha akauliza la kulia nimelitoa wapi.
Nikamwambia.

Yeye na Butoyi ni tumbo moja, usiku mmoja,
robo saa kati yao,
na hawajasalimiana tangu kiwanja cha mama kiuzwe.
Akachomoa punje moja, akaipasua kwa meno,
akatafuna taratibu, akitazama kwingine.
"Ina mafuta," akasema. "Mwaka huu ina mafuta."
Akaenda zake mtoni.

Nimefunga daftari, nikaweka tofali juu.
Asubuhi nimekuta maji ya yungiyungi
yamevuka mshono wa kurasa,
yameingia kwenye vumbi la mwenzake
na kuacha doa ambalo sijui
niliandike upande gani.