Raba ya Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri, Mabela.
Jua halijatoka, lakini ukuta wa ua umeshaanza kuhema.
Baiskeli nimeiegemeza kwenye tangi la maji.
Tairi nimebadilisha, mnyororo nimeutia mafuta,
hata kengele imekubali kusema
baada ya kulala usiku mzima ndani ya siki.
Zimebaki raba mbili za usukani.

Raba? Zilikuwa raba.
Joto la miaka ishirini na miwili juu ya paa
limezigeuza halua,
si ile ya harusi, yenye zafarani na lozi,
ile iliyosahauliwa sufuriani,
inayokushika kidole isikuache.

Kwanza nilijaribu adabu.
Maji ya sabuni kwa bomba la sindano,
moja katika yale yaliyobaki
kwenye kopo la insulini yake.
Nikapenyeza spoku. Zungusha. Haizunguki.
Spiriti. Zungusha.
Ikalia kidogo, kama mtoto anayeota,
ikarudi kulala.
Maji ya moto: niliungua mimi, yenyewe ikastarehe.

Muhanna akapiga simu kutoka Dubai.
"Bado unahangaika na chuma hicho?
Tupa. Nitamnunulia mwanao mpya."
Nikamwambia mtandao unakatika.
Ulikuwa haukatiki.

Ya kulia ilinihurumia saa moja na nusu.
Nilisukuma hewa kwa pampu ya tairi,
ikatoka kwa pumzi moja, pff,
na chini yake chuma kikang'aa
kama siku kilipotolewa sandukuni,
kipande pekee cha baiskeli hii
ambacho jua la hapa halikuwahi kukiona.
Nikajiona humo: pua kubwa, paji dogo.

Ya kushoto, hapana.
Ya kushoto ina mashimo manne ya vidole vyake,
na la tatu ni fupi:
ncha ya kidole kile aliiacha kwenye mashine
ya karakana, Ruwi, mwaka wa kwanza.
Nikapachika vyangu. Vinaelea.

Alikuja nchi ya babu zake ana miaka thelathini na moja
na Kiarabu cha msahafu tu:
aliweza kuomba pepo,
hakuweza kuomba nati.
Siku aliponunua raba hizi, dukani Matrah,
hakujua zinaitwaje.
Akanyanyua ngumi mbili mbele ya kifua.
Mwenye duka akarudi nyuma,
mteja mmoja akaanza kuvua kilemba.
Basi baba akakanyaga pedeli hewani,
akakanyaga, akakanyaga,
mpaka duka zima likacheka,
na kwa kicheko hicho akapunguziwa baisa mia.
Alitusimulia mpaka tukachoka,
na kila mara alisimama kuonyesha.
Mwaka wa mwisho alionyesha amekaa.

Saa mbili na robo nikachukua kisu cha samaki.
Nikasema bismillahi,
halafu, sijui kwa nini, samahani.
Nikapasua kutoka gumba hadi kidole cha mwisho.
Ikafunguka kama ganda la ndizi iliyoiva mno.
Ndani sikukuta kitu.
Sijui nilitarajia nini.
Chuma tu, kizuri, baridi.

Mikono ilibaki myeusi siku tatu.
Limau, mchanga, mafuta ya kupikia.
Udhu mara kumi na tano, na weusi upo.
Wifi yangu akauliza kama nimepaka hina.
Ndiyo, nikasema, ya upande wa baba.

Jioni ya Alhamisi nikaenda kwa Biju,
duka la baiskeli nyuma ya kituo cha petroli.
Kiarabu ninacho, nimezaliwa ndani yake.
Kiingereza cha kazini kipo,
na Kihindi cha kutosha kugombania bei.
Biju akapunguza sauti ya redio,
akaniuliza ninataka nini.
Nikasimama mbele ya meza yake ya kioo
na maneno yote hayo mdomoni,
nikanyanyua ngumi mbili.