Tia Maji

Wahenga walisema mwenzio akinyolewa, wewe chako tia maji.
Hawakusema ni nani anayeyatia.
Ni mimi. Miaka mitatu na ushei,
hapa Akita, saluni ya Bi Kuramochi,
wengine wananyolewa, mimi natia maji.

Navijua vichwa kwa vidole kabla sijazijua sura:
Bi Hatakeyama ana kinundu nyuma ya sikio la kulia,
mwalimu wa piano ana kovu mfano wa mbegu ya tikiti,
na yule bwana wa benki hulia akioshwa.
Hatumwulizi. Namfunika taulo usoni,
naongeza dakika mbili, za bure.

Desemba, sabuni hula ngozi.
Vifundo vyangu hupasuka kama tope lililokosa mvua.
Usiku napaka mafuta, navaa glovu za pamba,
nashindwa hata kufunua ukurasa wa kitabu.
Mama, anayepanga biskuti za mchele kiwandani,
huitazama mikono, kisha huuliza habari nyingine kabisa:
"Manispaa wametangaza nafasi, umesikia?"
Nimesikia, Mama.

Mkasi nimeununua kwa kulipa kidogo kidogo.
Unazidi bei ya jokofu letu.
Sijamwambia.

Saa tatu usiku, mlango ukifungwa, ndipo kazi yangu inaanza.
Natoa kichwa cha plastiki, nakibana mezani kwa skrubu.
Nimekiita Shemeji. Hacheki, hanuni,
ananitazama tu kama mtu aliyealikwa kimakosa.
Nagawa nywele mafungu manne. Chana. Bana. Inua. Kata.
Bi Kuramochi anakunywa chai, amenipa mgongo;
anausikiliza mkasi.
"Unaukimbiza," anasema. "Nywele haziendi popote."
Mara nne nimefanya mtihani. Mara nne amesogea,
ameshika ncha mbili chini ya kidevu cha Shemeji,
amezipima, amefagia mwenyewe, amezima taa.
Milimita tatu.
Unene wa sarafu mbili, na usingizi wangu wote.

Mara ya tano hakusogea.
Alisema, "Kesho tafuta kichwa chenye damu."

Kichwa chenye damu kilikuwa cha Bwana Oyamada, dobi wetu,
aletaye mataulo kila Jumanne, theluji mabegani.
Mkewe ndiye aliyekuwa akimkata,
jikoni, hadi alipofariki mwaka juzi.
Hilo aliniambia Bi Hatakeyama. Lililobaki nililiona:
kisogoni, juu ya ukosi,
ngazi alizojichonga mwenyewe bila kuona.
Kinyozi hajinyoi, seuze dobi.

Mkono ulitetemeka hadi kitana kikalia.
Shemeji hana joto. Shemeji hamezi mate,
hapumui ghafla nikifika karibu na sikio.
Nikajiambia: haziendi popote.
Nikakata.
Saa nzima na robo, kwa kazi ya dakika ishirini na tano.

Alijitazama. Akageuka kushoto, akageuka kulia.
Akagusa juu ya sikio. "Upande huu," akasema,
"unasikia baridi zaidi."
Bi Kuramochi akakohoa ndani ya kikombe.
Nikainama hadi paji likayakaribia magoti.
Yeye akavaa kofia, akabeba kikapu cha mataulo machafu,
akatoka.

Wiki sita. Kwenye kituo cha basi
nilikata visogo vya watu kwa macho,
nikavirekebisha, nikafagia hewa.
Kila Jumanne alileta mataulo, akahesabu, akatia saini, akaenda zake.

Jana aliweka kikapu chini.
Hakuhesabu kitu.
Aliketi kwenye kiti changu
(si changu bado; ni kile cha mlangoni, penye upepo),
akavua kofia,
akainamisha kichwa.

Nikatia maji.