Lumbesa

Isyonje. Ukungu umeyakalia magunia.
Anyelwisye anapima viazi tangu alfajiri,
jumla inapanda, inapanda,
mpaka tarakimu zikafurika zikageuka hasi,
na wakulima wakaonekana wanadaiwa
viazi walivyovileta wenyewe.

Lakini mlinzi niliweka! Niliandika:
jumla ikishuka chini ya sifuri, simama.

Usiku, Uyole, nafungua alichotafsiri kompaila.
Mstari wangu haupo.
Kasoma sheria: kujumlisha kukifurika,
kitabu hakisemi kitu. Akajijibu,
basi hakufuriki kamwe; mlinzi wa nini?
Akamfuta, ili mashine iwahi.

Iwahi wapi? Foleni ya viazi haina haraka hiyo.

Sikatai, gunia dogo nilishona mimi.
Ila lumbesa nayo imekatazwa, kila mtu anajua,
na kuli akitwishwa hasemi
imekatazwa, kwa hiyo haipo.
Shingo yake inajua.
Huguna, huitua chini,
humwita mwenye mzigo.

Wewe sheria ikinyamaza
unasikia ruhusa.

Guna, kompaila. Hata saa nane za usiku.
Nitaamka.